Cheti Anachotoa Mwanafunzi

Mwantumu Mhina ni fundi cherehani katika soko la Handeni, na kibaraza chake kimepakana na changu ninaposhonea viatu. Miaka kumi na moja tumekaa hivyo. Yeye anazungumza, mimi nasikiliza, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mambo ya simu yalimwanzia kwa ajili ya maji. Mpwa wake wa Dar es Salaam alimwekea programu ya kuandikia visima na malambo: kiko wapi, kina maji au kimekauka, pampu ni nzima au mbovu. Mfugaji akifungua simu anajua apeleke ng'ombe upande gani. Programu yenyewe ni huria. Neno hilo sikulielewa mpaka Mwantumu aliponionyesha karatasi ya kukatia gauni aliyoitundika ukutani, ambayo fundi yeyote wa sokoni anakuja kuichora na kuondoka.

"Ndiyo hivyo hivyo," alisema. "Unaichukua bure. Ukiona bega linabana unalipanua, kisha unarudi kutuonyesha wengine ulivyofanya."

Walioitengeneza wako nchi nyingi na hakuna anayewalipa. Walimwomba atafute watu wa kujitolea huku kwetu na awafundishe.

Darasa la kwanza lilijaa, watu thelathini na wanne katika ukumbi wa kuazima. Mwantumu alikuwa amechapisha vyeti vizuri vya rangi, akavigawa siku ya pili mchana. Huku kwetu cheti ni kitu, kinawekwa kwenye fremu sebuleni. Wiki iliyofuata, siku ya kuzungukia visima, tulifika watu watatu. Mimi nilikwenda kwa sababu nisingeweza kumtazama usoni kila asubuhi.

Alinyamaza siku nne, na kwa Mwantumu hiyo ni sawa na homa. Siku ya tano aliacha kukanyaga cherehani akanigeukia. Kwa mafundi wa hapa, anayejifunza haagwi mpaka naye amfundishe mwingine, na huyo mwingine ashone suruali ikavalika.

"Nimekosea, Baba Muhsin," alisema. "Nimewaaga kabla hawajaacha mtu."

Tangu siku hiyo hakumpa mtu cheti kwa mkono wake. Cheti chako unapewa na uliyemfundisha, akishaandika visima vitatu peke yake bila wewe kuigusa simu. Yeye ndiye anayeandika jina lake chini.

Jabiri, muuza mitumba wa mbele yetu, alifurahi kupata la kusema. Mwanafunzi amfaulishe mwalimu, hiyo ni shule ya wapi? Mwantumu hakuinua macho kwenye sindano.

"Ya hapa hapa," alimjibu. "Na vyeti vingetolewa na wateja, kaka Jabiri, wewe ungekuwa bado darasa la kwanza."

Mimi nilimfundisha Mepukori, mfugaji aliyekuja kurekebisha katambuga zake. Nilimchagua kwa kuwa naye si msemaji. Tulikaa asubuhi nzima, tukasema labda maneno ishirini. Aliuliza swali moja tu: kwa nini programu inataka kujua kama lambo lina maji, lakini haitaki kujua yanaisha mwezi gani. Mwantumu alilipeleka swali kwa wale wenzake wa mbali, na baada ya muda nafasi ya kuandika mwezi ikaongezwa. Jina la Mepukori liko kwenye cheti changu kwa herufi kubwa. Nimekitundika juu ya kitanda.

Kisha mama yake Mwantumu alianguka huko Mombo akavunjika nyonga, na kibaraza kikafungwa. Siku ya kuondoka aliniambia jambo moja.

"Nikirudi nikakuta mmebaki watatu tena, sitaanza upya. Sina nguvu hizo."

Nilijua hatanii. Na kila alipopiga simu sikuwa na la kumwambia, maana kama watu walikuwa wakifundishana, ilikuwa huko huko vijijini, si mbele ya macho yangu.

Miezi minane baadaye nilimpelekea Mombo kichwa cha cherehani yake, ashonee huko. Mama yake alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo. Mwantumu alinifungulia simu akanionyesha visima vipya, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi ninayezunguka peke yangu kwa kumhurumia. Nilimwapia kwamba si mimi. Nilichokuwa nimesikia majuzi tu ni kwamba Mepukori, alipokwenda kuuza mbuzi Makuyuni, karibu na hapo, alimfundisha mwanamke mmoja mkulima, na kwamba mwanamke huyo anafundisha kila Jumamosi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Tulikwenda, tukakuta watu tisa wamekaa kwenye magunia ya mahindi. Mwanamke mwenyewe, Maryamu, alikuja kutupokea.

"Shikamoo, mama. Kaa mbele uone vizuri. Simu unaijua kidogo?"

"Marahaba. Kidogo," alisema Mwantumu.

Nilifungua mdomo nieleze. Akanikanyaga mguu.

Maryamu alifundisha vizuri. Alisema mambo ya kisima usimwulize mwenyekiti wa kijiji, waulize wanawake wenye ndoo, tena uwaulize ni mwezi gani wanaanza kuamka alfajiri kuwahi foleni. Mwantumu, ambaye miaka yote alianzia kwa mwenyekiti, aliandika hayo kwenye daftari. Baadaye alikwenda kwenye visima vitatu, na Maryamu akatembea nyuma yake amefunga mikono mgongoni ili asishawishike kuigusa simu.

Waliporudi, Maryamu alitoa kwenye mfuko wa nailoni cheti chake, ambacho bado hakijaandikwa jina chini. Wanafunzi wake wawili wa mwanzo walihama kabla ya kumaliza, akaeleza, na mama huyu ndiye wa kwanza kufikisha vitatu. Mwantumu aliandika jina lake polepole. Maryamu akalisoma, akauliza kama ni akina Mhina wa Korogwe. Akajibiwa ni wa Handeni, fundi cherehani.

"Basi na wewe, mama, utafute wa kwako," Maryamu alisema. "Usipomfundisha mtu, cheti hupati."

Barabarani, tulipokuwa tukingoja gari, nilimgeukia Mwantumu. Machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa anacheka.

"Umesikia, Baba Muhsin? Mimi sina cheti."

Nilimwambia nimesikia. Gari lilipotokea alikuwa ameshaanza kunieleza habari za jirani wa mama yake, anayewauzia machungwa abiria wa mabasi pale Mombo, mtu makini, mwenye simu nzuri.