Msusi Atafuta Chanzo cha Umbea

Msusi wa kona alikuwa anasoma diploma ya biashara jioni, na mtaa mzima ulijua, maana alitangaza kabla hata hajanunua kalamu. Sasa insha yake ilirudi na sentensi moja imezungushiwa wino mwekundu: "Wateja huikimbia saluni ya ng'ambo ya barabara kwa sababu msusi wake huvuta nywele mpaka nyusi zinahamia kwenye paji la uso." Pembeni mwalimu ameandika: Chanzo?

"Mwalimu, hilo kila mtu analijua."

"Huyo Kila Mtu kaandika kitabu gani, mwaka gani?"

"Hajaandika. Ana shughuli nyingi."

"Basi nitajie aliyekuambia. Au kajionee mwenyewe, uandike ulichoona. Bila hivyo, mtihani utausikia redioni."

Kesho yake mke wa seremala alipokaa kitini, msusi alimkamata nywele kwanza, ndipo akauliza: "Shoga, yale ya nyusi si uliniambia wewe? Nakuandika."

"Uniandike mimi? Toba! Nimeyasikia kwa wifi yako."

Wifi, kwenye simu, akaruka kimanga. "Mimi? Muulize mama!"

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho. "Mkwe wangu, si uliniambia wewe, hapo hapo uliposimama? Ukacheka mpaka ukamwaga maziwa yangu."

Msusi akaaga haraka, akatoka.

Ikabaki njia moja. Akavuka barabara, akajitupa kwenye kiti cha adui, akafumba macho kama anayesubiri sindano.

Adui akamtazama juu chini. "Wewe? Kwangu? Saluni yako imeungua?"

"Nisuke tu, dada. Mambo ya shule."

Loo, mkono laini kama pamba! Msusi alisinzia, akakoroma, akaamka na udenda begani na nyusi zote mbili mahali pake.

Shingo upande, akaandika upya: jirani ana mkono laini, chanzo, kichwa cha mwandishi. Mwalimu akaweka tiki, mtihani ukaruhusiwa.

Aliporudi kazini akakuta benchi limejaa wateja. Wote wakamtumbulia macho.

"Makubwa! Nani kakusuka hivyo?"

Msusi akajaribu kukohoa, kikohozi kikagoma. Akanyoosha kidole.

"Yule pale. Ng'ambo ya barabara."

Kwenye benchi ulibaki mkoba mmoja, na mwenyewe akaurudia mbio, bila hata kuaga.