Akina mama wa maombi wamenifukuzia Mlinzi

Wasee, leo akina mama wa kanisa wamenifukuzia jini nimelitafuta wiki tatu.

Kuna gemu nacheza ya kukamata viumbe. Mkubwa wao ni Mlinzi wa Mlima, roho yenye pembe na mkia wa moto. Anatokea mara moja. Ukimkosa, basi.

Leo akatokea! Nguvu zake zilikuwa zimeisha, nami nimebaki na wavu mmoja tu.

Mara mlango ukafunguka.

Ni mama yangu na wenzake kumi, Biblia mkononi. Nilikuwa nimesahau leo ushirika ni kwetu.

Mama Chebet, kiongozi wao, akaangalia TV. Akaona pembe.

"Shetani, toka kwa hii nyumba!"

Mikono yote ikapanda juu. Mimi nikashtuka, nikachelewa kurusha wavu.

Na Mlinzi akageuka, akaenda. Haki ya Mungu, gemu ikaandika kwamba roho imeondoka.

Vigelegele vyao vimesikika mtaa wote wa Kiplombe.

Saa hii wako hapa wanakunywa maziwa ya mursik kwa furaha, na Jumapili eti nitoe ushuhuda mbele ya kanisa.

Nyinyi mnaocheka, nisaidieni. Niseme nimeokoka, ama nimuulize Mama Chebet kama anaweza kumrudisha?