Nilimchongea Mke wa Shemeji kwa Sababu ya Lugha

Nimekosa, ndugu zangu, na sitaki mtu aniambie ni shetani. Shetani hakunipeleka popote. Nilipanda bodaboda mwenyewe hadi Rubwera, makao makuu ya wilaya yetu, nimevaa kitenge changu kizuri, nikaenda kumchongea mwanamke ambaye hajawahi kunikosea hata neno.

Kwetu ni Tanga. Baba alihamishiwa huku Kyerwa kikazi nikiwa msichana, nikaolewa hapahapa, kwenye familia ya migomba na kahawa. Kiswahili ndiyo lugha yangu, sina nyingine. Mama mkwe yeye ni Mnyambo wa kale. Kiswahili chake kilikuwa marahaba, karibu, kula mwanangu. Yakiisha hayo tunatabasamiana. Miaka sita tunatabasamiana tu!

Kisha mdogo wa mume wangu akaoa ng'ambo ya Murongo, kule mpakani, upande wa Uganda. Huyo mke nitamwita Resti. Lugha ya kwao na Kinyambo cha huku zinasikilizana, basi wiki ya kwanza tu akawa na mama mkwe kama mtu na bintiye. Wanamenya ndizi wanaongea. Wanaanika kahawa wanaongea. Mimi nipo pembeni nachochea moto.

Siku moja walicheka mpaka mama mkwe akafuta machozi. Nikauliza, "Mnacheka nini?"

Resti akajaribu kunieleza, akashindwa. "Aah, dada, kwa Kiswahili haichekeshi."

Jamani, neno lile liliniuma! Baadaye akanifuata kisimani. "Dada, kwa nini nisikufundishe Kinyambo kidogo kidogo? Mama anatamani sana kuongea na wewe."

Nikamjibu kwa kiburi, "Mimi nina lugha ya taifa, inanitosha. Jifunze wewe, uliyekuja kwenye nchi ya watu."

Akachukua ndoo yake, akaondoka.

Tangu hapo wivu ukanila kama fukusi kwenye mahindi. Kila nikimwona mama mkwe anamwekea Resti ndizi iliyoiva, najiambia: raia ni mimi, kitambulisho ninacho mimi, mgeni ni yeye, mbona nyumbani amekuwa yeye? Na nilijua siri yao. Ndoa ilikuwa ya kimila, na kibali cha kuishi nchini shemeji alikuwa anasema kila mwezi, "Nitakifuatilia."

Ndipo nikaenda Rubwera, ofisi ya uhamiaji, kusema. Nilijiambia ni uzalendo. Uzalendo gani! Wakati namtaja jina, moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mwizi.

Maofisa walikuja asubuhi, wakamuuliza kwa upole, hana karatasi. Wao walifanya kazi yao. Resti alifunga nguo zake kwenye shuka, akapiga magoti kumuaga mama mkwe, wakasemezana kwa lugha yao. Akanigeukia na mimi: "Dada, umwangalie mama." Nikaitikia! Kwa mdomo huu huu nikaitikia!

Shemeji akamfuata mkewe ng'ambo. Nyumba ikabaki yangu, na mama mkwe akabaki wangu. Si ndiyo nilichotaka? Basi hakucheka tena. Alikaa barazani anamenya ndizi peke yake, nami nikikaa naye tunatabasamiana kama zamani.

Miezi michache baadaye akapata kiharusi. Alipooza upande mmoja, na kile Kiswahili chake kidogo kikapotea chote. Kilichobaki ni Kinyambo, tena cha kuvutavuta.

Mume wangu alikuwa kibaruani Karagwe, anarudi Jumamosi. Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha. Mama mkwe akaanza kusema, "Embeho, embeho." Nikampa uji, akageuza uso. Nikampa maji. Nikamgeuza ubavu. "Embeho!" Ananitazama, machozi yanamtoka. Nikalia naye, sijui nifanye nini!

Simu ilikuwa mkononi; mume wangu hakupatikana, lakini namba ya Resti nilikuwa nayo. Angenitafsiria kwa neno moja. Ningempigia kwa uso gani? Sikupiga.

Mvua ilipokatika jirani akaja kumjulia hali. Akamsikiliza kidogo tu, akanishangaa. "Anasema baridi. Mbona hujamfunika?"

Blanketi lilikuwa limekunjwa miguuni pake muda wote ule.

Alifariki kabla ya mwezi kuisha. Siwezi kusema ni baridi ile iliyomuua. Lakini ile namna alivyonitazama, hiyo ninayo.

Resti alikuja na mumewe kuzika, safari hii na hati yake ya kuvukia mpaka. Siku ya tatu nikamvuta nyuma ya nyumba, nikaanguka miguuni pake nikamwambia yote. Hakushtuka.

"Nilijua, dada. Nilikuwa bado sijafika Murongo, mama akanipigia. Alikuona usoni siku ile waliponichukua."

"Alijua? Na akanyamaza?"

"Alisema nisikuchukie. Alisema, huyo naye yuko ugenini, na sisi tulikuwa tunacheka mbele yake."

Akaninyanyua, akaenda kuosha vyombo vya msiba. Amenisamehe, lakini akija huku hakubali kulala chumba kimoja na mimi. Mume wangu nilimwambia jioni hiyo. Mpaka leo ananiongelesha lililo la lazima tu. Kibali cha Resti wanakifuatilia sasa, na majibu bado.

Wewe unayesoma, kama moyo unakuuma kwa sababu mwenzio amependwa, kaa naye mmenye ndizi hata kama huelewi neno. Uliza, ukosee, wakucheke. Na kabla hujaenda ofisi yoyote kusema fulani si mwenzetu, jiulize kweli ni nchi unayoipigania, au ni kiti chako jikoni. Mimi sikujiuliza.