Jina la Mwenye Boma

Bosi wetu alitoka Kendu Bay na laptop na dharau. Siku ya kwanza kwa ofisi ya simu za ambulensi hapa Migori, alichukua daftari ya dereva wetu, akaifungua na kidole kimoja kama kitu imetoka chooni. Dereva alikuwa ameandika humo miaka mingi vile boma zinapatikana: pita posho mill, kata kushoto kwa kanisa ya mabati, ukifika kisima umepita. Bosi akasema hiyo si data. Akaitupa kwa karatasi za kuchoma.

"Ramani mpya inataka vitu mbili," akatuambia. "Pointi ya GPS na jina la mwenye boma. Msiniletee hadithi."

Nilikuwa nimemaliza fomu four juzi tu na nilitaka kazi, kwa hivyo nilisema sawa. Nikatumwa upande wa Kehancha, kwa Wakuria, boma kwa boma. Watu waliniangalia vibaya, wakidhani tunapima mashamba tuyauze. Mzee mmoja alinisindikiza mpaka barabarani na fimbo. Mimi pia sikuwapenda. Nilikuwa naandika jina la mzee, nabonyeza pointi, nasonga.

Halafu siku moja mchana, nikiwa nimerudi ofisini, simu ikaingia. Msichana anayepokea simu hukaa karibu na mimi, na alikuwa amewasha spika.

"Mtoto wangu anatetemeka, macho yamegeuka," mama akasema. "Leteni gari."

"Boma ya nani, mama?"

"Ya mzee wetu."

"Mzee gani?"

"Baba ya bwana yangu."

"Anaitwa nani?"

Tulisikia tu mtoto akikoroma.

"Mama, bila jina kompyuta hainionyeshi."

"Hilo siwezi kutaja."

"Kuna mtu mwingine hapo anaweza kutaja?"

"Niko peke yangu. Wameenda soko."

Kwa Wakuria mke hataji jina la baba mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Kila mtu kwa hiyo ofisi alijua. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, haitumi ramani, na mnara wa simu ulituonyesha tu kilima kizima upande wa Kehancha. Bosi akasimama nyuma yetu na chai yake.

"Mwambie aache ushamba, aseme."

Mama akaanza kulia. Nikamvuta yule msichana headphone na maiki yake kichwani, hata sikumuomba.

"Mama, simama kwa mlango. Unaona nini?"

"Naona nyumba ya kukaushia tumbaku. Imebomoka upande moja."

Nilikuwa nimesimama kwa kivuli ya hiyo nyumba nikiandika jina la huyo mzee. Niliiona na macho yangu na sikuiandika. Nikamwelekeza dereva, akatoka mbio.

Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Mtoto alilazwa siku nyingi, lakini aliishi. Daktari alimwambia dereva mngechelewa kidogo zaidi mngebeba maiti.

Kesho yake bosi akaniita mbele ya wote ati nimeshika laini bila ruhusa.

"Na huyo mama angesema jina tu," akasema. "Ni neno moja."

"Sawa," nikamwambia. "Andika jina la mama mkwe wako hapo kwa kompyuta. Ni neno moja."

Yeye ni Mjaluo kama mimi, na kwetu mwanaume hataji jina la mama mkwe wake. Aliangalia kibodi. Dereva akacheka kwa pua.

"Toka nje," bosi akaniambia.

Baada ya siku mbili ramani ilikuwa na nafasi ya kuandika alama za karibu. Hakuna mtu alisema ni kwa nini, na bosi mpaka leo hanisalimii. Alinirudisha Kehancha nianze upya boma zote, peke yangu, kama adhabu.

Nilianza na ile. Mama alikuwa kwa lango na mtoto mgongoni. Hakunikaribisha.

"Nimetoka kwa ambulensi," nikasema. "Nataka kuandika vile gari inaweza kufika hapa."

"Ni nyinyi mlikuwa mnaniuliza jina mtoto akifa?"

"Ni sisi."

"Basi una macho. Andika."

Akaendelea kusimama hapo akinitazama mikono mpaka nilipomaliza, halafu akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akanirudisha nyuma nihesabu upya miti ya kando ya njia, kwa sababu niliandika tatu na ziko nne.