Ramadhani Bibi Alipounganisha Dawa

Mimi jasho langu huanzia viganjani. Wenzangu sijui linaanzia wapi, sijawahi kuwauliza, maana kuuliza nako kunanitoa jasho.

Tulipoingia kidato cha tatu na kufika kwenye somo la neva, mwalimu wa baiolojia alinisimamisha nijibu swali. Jibu nilikuwa nalo. Nilisimama, na papo hapo moyo ukaanza kugonga kama mtu aliyekuja kudai kitu chake. Mate yakakauka. Kalamu ikateleza mkononi ikaanguka chini, na mvulana wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, huyo mpe ndoo, anavuja!" Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Aliniambia nikae, kisha akawageukia wao. "Nani hapa ameuamuru moyo wake udunde leo asubuhi? Nani ameliambia tumbo lisage chai?" Akasema kuna neva zinazongoja amri yetu, ukitaka kuinua mkono unainua, na kuna neva nyingine hazina habari na sisi. Zinajiendesha zenyewe, tukiwa macho au tumelala, na ndizo zinazotawala moyo, tumbo, kibofu, tezi za jasho na mishipa ya damu. Zina pande mbili. Upande mmoja unakurupusha: ukiona hatari, unaharakisha moyo, unatanua mboni za macho, unafungulia jasho, unakausha mate na kusimamisha kazi ya tumbo, kwa sababu mtu anayemkimbia nyoka hana nafasi ya kusaga ugali. Upande wa pili unatuliza, na kila kitu kinarudi kazini taratibu.

"Mwenzenu, mwili wake umedhani ninyi ni nyoka," akasema. "Na kwa makelele haya, haujakosea sana."

Nilifurahi na kuona aibu kwa pamoja. Siku zote nilidhani mimi ni mjinga tu wa aina fulani. Kumbe kuna kitu kina jina, na kila mtu anacho.

Kipindi hichohicho alitoa mfuko mwembamba mrefu wa nailoni, ule wanaogandishia barafu za juisi, akautia maji nusu na kuufunga. Akaulaza mezani, maji yakasambaa sawasawa. Akausimamisha, maji yote yakashuka, chini ukavimba na juu ukanywea. "Hii ndiyo damu yako ukisimama ghafla," akasema. Kisha akaukamua chini kwa vidole, maji yakapanda. "Na hizi ndizo neva. Zinabana mishipa ya miguuni na tumboni, zinauhimiza moyo, na kichwa kinapata damu kabla hujamaliza kusimama. Ingekuwa kazi hiyo mnaifanya wenyewe, kila asubuhi nusu yenu mngeanguka kando ya kitanda."

Niliucheka ule mfuko pamoja na wenzangu. Sikujua kwamba Ramadhani ingenikuta nikiufikiria kuliko kitu kingine chochote.

Ninaishi Rasbura, kwa bibi mzaa mama. Wazazi wangu wako Miteja, wanalima ufuta, na mimi nililetwa Lindi kwa ajili ya shule. Nyumbani tuko watatu: Bibi, mimi, na mama mkubwa, ambaye anapika maandazi na vitumbua vya kuuza. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini Bibi ananiita mke mwenza, na tunamgombea huyo marehemu kila siku. Nikichelewa kuamka ananiambia, "Mke mwenza, ndiyo maana mzee alinipenda mimi." Nami namjibu, kwa sauti ya chini kama kawaida yangu, "Alikuwa haoni vizuri, Bibi." Ni yeye peke yake duniani ninayeweza kumtania.

Bibi ana presha. Anakunywa vidonge vya asubuhi na vya jioni. Na ana tarawehe. Kwake Ramadhani bila kusimama kwenye safu ya wanawake msikitini, bega kwa bega, si Ramadhani. Anapenda kusema kwamba amesimama tarawehe akiwa na mimba, akiwa na homa, akiwa na msiba, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa.

Mara ya kwanza alipoanguka ilikuwa anainuka kutoka kwenye sijida. Mimi nilikuwa pembeni yake. Alisimama, akayumba, akanishika baibui, tukaenda chini wote wawili. Wanawake wakampepea kwa kanga. Alipofumbua macho akauliza, "Nani kanisukuma?" Mmoja akasema ni njaa, mwingine akasema ni joto. Usiku wa pili yake akaanguka tena vilevile, na safari hii paji la uso likagonga nguzo likavimba.

Mama mkubwa akafunga mjadala. "Huyo ni pepo. Bibi yetu aliyemzaa mama alikuwa naye, sasa kapanda kwa mama. Anataka kitu chake."

Tulikuwa jikoni tunakuna nazi. Sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Lakini Ramadhani si wanasema mashetani wamefungwa?"

Mama mkubwa akasimamisha mkono juu ya mbuzi, akanitazama. "Mashetani ndiyo wamefungwa. Huyu si shetani, huyu ni wa ukoo. Kuna mtu anamfunga ndugu yake?"

Akatoa uamuzi: Bibi asiende tena msikitini, na Idi ikipita atampeleka Kilwa, kwa fundi wa kupunga pepo anayemfahamu. Bibi alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniogopesha, maana Bibi hubishana hata na redio. Alisema tu, "Basi mwaka huu nitasali humu ndani kama mwizi," na akaendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mchele mzuri na kubakiza mawe.

Siku iliyofuata, wakati wa kufuturu, niliona. Bibi alimimina vidonge kiganjani, vingi kuliko kawaida, akavitupa vyote mdomoni na kuvisukuma kwa uji wa pilipili manga.

"Bibi, mbona vingi?"

"Vya asubuhi na vya jioni. Nimefunga, asubuhi siwezi kunywa. Naviunganisha."

"Inaruhusiwa?"

"Msafiri anaunganisha adhuhuri na alasiri, sala yenyewe, nguzo ya dini. Itakuwa vidonge?" Akanicheka. "Umesomea udaktari lini, mke mwenza?"

Sikuendelea. Lakini tambi zilinishinda kula. Niliuona ule mfuko wa barafu umesimama mbele yangu. Dawa za presha zinalegeza mishipa. Bibi ameshinda kutwa bila maji, kisha dawa za siku nzima zimeingia mara moja, kisha muda si mrefu anakwenda kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka. Vile vidole vinavyokamua chini vimefungwa kamba, na maji hayapandi. Nilijua, na kujua kwenyewe kulikuwa kunanisumbua kuliko kutojua. Nimwambie nani? Mama mkubwa atasema natetea mambo ya kizungu. Bibi ameshanicheka. Na huenda nimekosea, mimi si daktari, alama zangu za baiolojia ni za katikati.

Siku ya kliniki ya presha ikafika. Tulikwenda asubuhi, sote watatu, kwa bajaji. Nilikwenda kubeba mkoba wa Bibi, ndivyo nilivyoambiwa. Ndani alikuwapo nesi mwenye sauti ya upole, amejifunga ushungi juu ya sare yake. Akamkalisha Bibi, akamfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo.

"Shikamoo tena bibi yangu. Presha yako nzuri kabisa. Dawa unakunywa?"

"Marahaba. Nakunywa kama mlivyoniagiza."

Mama mkubwa akaeleza kuanguka. Nesi akauliza hili na lile, Bibi akajibu kila kitu kwa kifupi, kama mtu anayetaka kurudi kwake. Hapo mama mkubwa akanigeukia, akasema kwa sauti ya kutosha wote tusikie, "Umeona? Kipimo hakioni kitu. Haya ni mambo yetu wenyewe."

Nesi akashika kalamu. Nikajua kwamba akishamaliza kuandika tunatoka, na tukishatoka Bibi atafungiwa ndani, na jioni atamwaga tena vidonge kiganjani.

Viganja vikalowa. Moyo ukaanza. Mdomo ulikuwa mkavu tayari kwa saumu, ukawa kama nimelamba chokaa. Tumbo nalo likaanza kutafuta njia ya kutoka. Nilizihesabu neva zote za yule mwalimu, kila moja ilikuwa kazini, na hakuna hata moja niliyoweza kuikataza. Nikafikiri: sawa, moyo si wangu, jasho si langu. Lakini ulimi ni wangu. Ulimi unangoja amri.

"Anaziunganisha," nikasema.

Nesi akainua kichwa. "Nini, mdogo wangu?"

"Dawa. Za asubuhi na za jioni. Anakunywa zote pamoja wakati wa futari. Halafu ndiyo anakwenda kusali."

Nilikuwa naitazama sakafu. Sikumwona Bibi, ila nilisikia bangili zake zimeacha kulia.

"Ni kweli, bibi?" nesi akauliza.

Bibi akamweleza habari ya msafiri na sala zake, neno kwa neno, kwa heshima kamili. Nesi alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Bibi yangu, sala Mungu kakuruhusu kuunganisha. Dawa mimi sijakuruhusu."

Mama mkubwa akacheka kabla hajajizuia. Bibi hakucheka. Nesi akamlaza kitandani, akampima, kisha akamsimamisha huku amemshika kiwiko, akampima tena hapohapo. Ilishuka. Si sana, maana ilikuwa asubuhi na dawa zilikuwa za jana jioni, lakini ilishuka, na Bibi mwenyewe alisema chumba kimezunguka kidogo. Wakampeleka kwa daktari, akabadilisha dawa na nyakati zake: hii futari, hii daku, kamwe zisikutane. Maji anywe ya kutosha tangu futari hadi daku. Kabla ya kuinuka atulie amekaa, achezeshe miguu, na akisikia kizunguzungu akae, asali amekaa.

Kwenye bajaji Bibi alizungumza na mama mkubwa kwa Kimwera, lugha ambayo mimi nashika nusunusu, na akaizungumza juu ya kichwa changu kama sipo. Tulipofika nyumbani akaniambia maneno machache tu: "Umenivua nguo mbele ya watu."

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Sitaki kujifanya sikulia. Nilikuwa nimesema ukweli na bado nilijiona mkosaji, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha ni neva gani inafanya hivyo.

Bibi hakuniita mke mwenza kwa siku kadhaa. Aliniita kwa jina langu, tena lote. Lakini dawa alizitenganisha. Alisali ndani, amekaa kwenye kigoda, uso ameugeuzia ukuta nisimwone. Mama mkubwa alikuwa akimchungulia kutoka jikoni. Safari ya Kilwa hakuifuta, ila aliacha kuitaja.

Kisha jioni moja nikiwa navunja tambi, Bibi akasema bila kunitazama, "Yule nesi alisema damu inashuka miguuni. Inapandaje?"

Nikatafuta mfuko wa barafu, nikautia maji. Nikaulaza mkekani, nikausimamisha, nikaukamua. Akanipokonya, akaukamua mwenyewe mara nyingi, akitazama maji yanavyopanda.

"Kwa hiyo humu ndani kuna mtu ananikamua maisha yangu yote, na hajawahi kunipigia hodi?"

"Ndiyo, Bibi. Na moyo, na tumbo, na mate. Zote hizo."

"Miaka yote hiyo." Akautazama mfuko. "Ana adabu kuliko wewe. Yeye hanisemi kwa manesi."

Mama mkubwa aliangua kicheko jikoni, nami nikajua naweza kupumua.

Zilipobaki siku chache mwezi uishe, Bibi alivaa baibui yake na kusimama mlangoni. Mama mkubwa akamtazama kwa muda, akasema, "Akiyumba, wewe ndiye utakayenijibu," akininyooshea mimi kidole. Tukaenda, mimi nimembebea kigoda.

Rakaa za mwanzo alisali amekaa kwenye kigoda, mwisho wa safu, na wanawake wakajifanya hawaoni. Kisha akakisukuma kigoda nyuma kwa mguu, akasimama safuni. Tukasujudu. Imamu akatoa takbira, safu nzima ikainuka kama mtu mmoja, na sisi wawili tukabaki chini. Bibi alikuwa amekaa, vidole vya miguu vinacheza ndani ya soksi, taratibu, kama alivyoambiwa. Nilimngoja. Akanishika bega, tukainuka pamoja, wa mwisho kabisa, na hakuyumba.

Aliuacha mkono wake begani kwangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Bibi yangu huyu, anayebishana na redio, aliyesimama na mimba na homa na msiba. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho chapachapa, nilikisikia kupitia baibui.