Kardani Iliyozidi Vidole Viwili

Mume wangu alikuwa fundi wa nguo, tena fundi hodari, na ufundi huohuo nusura uninyime safari niliyoitamani kuliko zote.

Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto, enzi za Wabelgiji. Alishona barazani kwetu, makoti ya makarani na kanzu za waungwana. Mreno mmoja mwenye duka alipokuwa akirudi kwao alimwachia kwa bei ya huruma kamyoneti yake kuukuu, kigari cha mizigo ambacho mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Majirani walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yangu alikuwa kule Pangi, miguu imevimba, macho yanaingia giza. Kila msafiri aliyetoka huko aliniletea maneno yake: "Mutoto nitamushika hata nikiwa kipofu. Lakini sura haishikiki. Mumulete kabla ya macho kwisha."

Basi wiki tuliyopanga kuondoka, gari likalia tumboni, likasimama. Kardani ilikuwa imepasuka, ile fimbo nene ya chuma inayopita chini ya gari na kuzungusha magurudumu ya nyuma. Bila hiyo injini inanguruma bure. Mpya ingeagizwa mbali, ije kwa treni na kwa meli, na mimi sikuwa na subira hiyo. Lakini Mikelenge, upande wa pili wa mto, alikuwapo dereva mmoja mzee aliyenunua malori yaliyokufa na kuyalaza nyuma ya nyumba yake, akiuza kiungo kimoja kimoja.

Mume wangu akavua utepe wake wa kupimia shingoni, akaingia chini ya gari, akapima. Akavuka mto. Jioni akarudi na kardani begani, amevimba kichwa kama bwana harusi.

Kesho yake alilala chini ya gari tangu asubuhi. Nilisikia nyundo, kisha dua, kisha maneno ambayo si ya dua. Chuma hakikuingia. Ukikiweka sawa upande wa mbele, matundu ya bolti ya nyuma hayakutani. Nikachukua utepe, nikapima mwenyewe ya zamani na hii iliyokuja. Ilizidi vidole viwili.

"Ulipima namna gani?" nikamwuliza.

"Nilipima muzuri. Halafu nikaongeza kidogo."

"Ukaongeza kwa nini?"

Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Mama, kintu yote unaacha nafasi. Nguo inafuliwa, inarudi. Muntu anakula, ananenepa."

"Na chuma? Ulifikiri na chuma itanenepa?"

Akakiri baadaye kwamba yule mzee alimtolea kardani mbili, akamwambia fupi ndiyo yake, naye akaikataa kwa kuona italibana gari. Jamani! Nilicheka huku nimekasirika, nikakasirika huku nacheka, mwishowe nikalia, maana siku hiyohiyo mchuuzi mmoja kutoka Pangi alipita akasema mama sasa anapapasa kiti kabla ya kukaa.

"Kesho tunavuka pamoja," nikamwambia. "Na utepe unabaki hapa."

Tukabeba kardani zote mbili, ile iliyopasuka na ile iliyozidi, ili safari hii chuma kipimwe kwa chuma. Mtoto mgongoni. Mpiga kasia wa mtumbwi akaitazama mizigo yetu, akauliza kama tunakwenda kujenga daraja. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hushindana na kila mtu kwa mizaha, aligeukia maji mpaka gatini.

Dereva mzee alipotuona akashika kiuno. "Fundi, nilikuambia. Sasa ile fupi haiko tena."

"Umeuza?"

"Heri ningeuza. Muke wangu ameikamata."

Akatupeleka uani. Kardani yangu, njia yangu ya kwenda kwa mama, ilikuwa imefungwa kati ya miti miwili, juu yake yameanikwa mashuka na vitenge vinavyochuruzika maji. Mwenye nguo, yule mke wa dereva, alikuwa amesimama mbele yake na beseni, uso hauna habari na mtu. Kamba zake, alisema, zilikuwa zinakatika kila juma na nguo safi zinaanguka matopeni. Chuma hiki mwanamume mmoja alikikataa mwenyewe. Aliyekataa asirudi kudai.

Wanaume wakaanza kubembeleza, kila mmoja kwa sauti yake, na kila neno likamzidishia ukali. Nikawaambia wakae kando. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakatisha yule mama kabla hajasema lolote, nikamweleza habari ya macho ya mama yangu. Aliniacha nimalize. Akamtazama mtoto usoni kitambo, kisha akanirudishia, akaanza kuanua nguo zake kwenye chuma, moja baada ya nyingine, mbichi.

"Na miye nitaanika wapi?" akauliza.

Mume wangu akainua ile ndefu. Akaipima kwa macho kati ya miti, akasema kwa unyonge, "Hii inapita ile. Vidole mbili."

Yule mama akacheka mpaka akakaa juu ya beseni. Tukalaza kardani yake kando ya ile yetu iliyopasuka, zikalingana ncha kwa ncha, tukavuka nayo, na jioni ile gari likatembea.

Tulipofika Pangi, mume wangu alisimamisha gari mbali na nyumba. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Akajitia kukagua kardani, akapotelea chini ya gari. Mimi nikaingia peke yangu.

Mama akamchukua mtoto, akamleta mlangoni kwenye jua, akasogeza uso mpaka pumzi zao zikachanganyika. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Kipaji cha uso njo ya baba yangu. Masikio njo yangu. Hii pua inatoka wapi?"

"Kwa baba yake."

Akaipapasa ile pua. "Mumuite."

"Mama! Ni mukwe."

"Kugeuza macho ni ya watu wenye wako nayo mengi. Yangu imebakia kidogo, sina ya kugeuza."

Mume wangu akaja amepakaa mafuta ya gari mpaka masikioni, kichwa chini. Mama akamwinua kidevu kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama kama alivyomtazama mtoto. "Njo hii pua," akasema. Nilimpenda mama yangu siku ile, na nilimpenda mume wangu, kuliko nilivyojua.

Tulipokwenda tena macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Wanawake wa pale wakamwuliza mjukuu anafanana na nani, naye akawaeleza pua ya mume wangu, pana, imepinda kidogo upande wa kushoto, na hakukosea.