Amemaliza Zamu

Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mratibu wa madereva, lakini madereva wote thelathini na wanne walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mnene kidogo, mwenye sauti nzito iliyopenya kelele za barabarani bila yeye kupaza. Kwa miaka kumi na mmoja alikalia kiti kilekile, ghorofani juu ya duka la matairi, mbele ya kompyuta mbili. Ya kushoto ilionyesha ramani ya mji na pikipiki zote za kampuni, kila moja kidoti cha kijani. Dereva akisimama zaidi ya dakika kumi, kidoti chake kiligeuka chekundu. Ya kulia ilikuwa na orodha ya vifurushi: kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani, amekibeba nani, na lazima kifike saa ngapi.

Kazi yake ilikuwa kusema na watu kutwa nzima bila kuwaona. Alijua nani anasingizia pancha na nani amepata pancha kweli. Yule wa kweli hutukana kwanza, ndipo aeleze. Alijua nani ana mtoto mgonjwa, nani ana mke mkali, na nani hupita kwanza kwa mama yake kula ndipo apeleke mzigo.

"Niko karibu kufika, Shangazi," dereva angesema.

"Karibu ya wapi? Kidoti chako nakiona kimelala hapo kama kimekunywa dawa ya usingizi. Maliza hiyo chai uondoke."

Dereva angecheka, na kidoti kingeanza kutambaa.

Miongoni mwao alikuwepo mmoja waliyemwita Mwalimu, kwa sababu ndicho alichokuwa. Alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka shule ilipofungwa, akaacha chaki akashika usukani. Alivaa miwani minene chini ya kofia ngumu. Wateja wakiandika namba ya nyumba kimakosa, yeye aliisahihisha na kuituma ofisini ili isikosewe tena. Alikuwa na mke mpishi wa shule, na mabinti watatu. Shangazi hakuwa na upendeleo, ama ndivyo alivyodai, ila mizigo ya haraka alimpa Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu hakuwahi kumwangusha.

Siku yenyewe mvua ilianza adhuhuri na haikupumzika. Asubuhi ile meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Shangazi, mikono mfukoni, akimkumbusha kwamba mizigo iliyochelewa mwezi huo imezidi, na kwamba wateja wakubwa wameanza kunung'unika. Ilipokaribia saa tisa, kwenye orodha kilibaki kifurushi kimoja kinachomulika manjano, ishara kwamba muda wake unakwisha. Mwenye kifurushi alikuwa amepiga simu mara nne. Kifurushi kilikuwa kwa Mwalimu.

Mwalimu akapiga.

"Shangazi, huku hakuonekani kitu. Miwani imejaa ukungu na breki ya mbele imeingia maji. Naomba nijibanze hapa kwenye kituo cha mafuta mpaka ipungue."

Shangazi aliangalia ile manjano inavyowaka na kuzima.

"Mwalimu, ulicho nacho ni kimoja tu. Kipeleke, halafu urudi moja kwa moja. Sikupi kingine leo."

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Haya, Shangazi."

Kidoti kilitoka kwenye kituo cha mafuta saa tisa na dakika nne. Kikashuka mteremko kuelekea kwenye mzunguko wa barabara. Saa tisa na dakika nane kikasimama. Shangazi alikuwa na madereva wengine watano hewani, mmoja amepotea njia, mwingine amezimikiwa katikati ya dimbwi. Aliporudisha macho, kidoti cha Mwalimu kilikuwa chekundu. Akajua amejificha mahali. Hasira zikampanda, si kwa sababu mtu amekimbia mvua, bali kwa sababu amemdanganya, na Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganya. Akampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Akamwachia ujumbe wa sauti.

"Mwalimu, umelala? Watu wanasubiri mzigo wao. Hebu toka hapo ulipojificha."

Alipopiga tena, simu ilipokelewa na mwanamke.

"Hii simu nimeiokota barabarani, dada. Mwenyewe amegongwa na lori."

"Anapumua?"

Ilisikika mvua ikipiga kitu cha plastiki.

"Tumemfunika," akasema.

Simu ya pili mezani ikaanza kuita. Alikuwa mwenye kifurushi, mara ya tano, akiuliza kama wanamfanyia mchezo. Meneja akatoka chumbani kwake, akasimama mlangoni, na aliposimuliwa akashika kichwa, akasema maskini, maskini. Halafu akauliza: "Na mzigo?"

Mkono wa Shangazi ulifanya ulichozoea kufanya. Ulikwenda kwenye kifurushi, ukabonyeza pa kubadilisha dereva. Mashine ikataka sababu, ikaleta tatu za kuchagua: pikipiki imeharibika, dereva hapatikani, dereva amemaliza zamu. Hakusoma. Alibonyeza ile iliyokuwa karibu na kidole, kifurushi kikahamia kwa dereva aliyekuwa jirani na pale, kijana mmoja waliyemwita Mrefu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tatu.

"Mrefu, uko wapi?"

"Si unaniona, Shangazi? Mimi ndiye yule kidoti mzuri."

"Nenda kwenye mzunguko wa chini. Mwalimu amegongwa."

"Ameumia sana?"

"Nenda tu, mwanangu. Nenda taratibu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alifungua sauti kwa madereva wote kwa pamoja, akasema: "Kila mtu asimame alipo. Tafuteni paa, zimeni pikipiki, msiondoke mpaka niseme." Meneja akamwuliza kama amechanganyikiwa. Hakumgeukia. Alikaa anatazama ramani mpaka vidoti vilipoanza kuwa vyekundu, kimoja kimoja, na kila kilichogeuka alikitaja kwa jina la mwenyewe.

Saa kumi na moja Mrefu alipanda ngazi, amelowa chepechepe, bila koti lake la mvua. Alikuwa amemfunika nalo rafiki yake. Mkononi alishika boksi lililobonyea pembe moja. Akaliweka juu ya meza ya Shangazi.

"Meneja alinipigia, akasema niufikishe mzigo, nikaufikisha," alisema. "Mteja kaufungua mbele yangu. Mapazia. Anasema rangi siyo aliyoagiza, anarudisha."

Akashuka ngazi bila kuaga.

Siku ya tatu baada ya maziko, Shangazi alikwenda kumpa pole mjane. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, na ukutani palikuwa na jedwali la kuzidisha lililoandikwa kwa kalamu ya rangi, mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili. Mabinti walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakimenya viazi bila kusemezana. Mjane alimkaribisha kiti, akakaa mkabala naye, akatoa simu iliyopasuka kioo.

"Polisi wamenirudishia vitu vyake," alisema. "Humu mna sauti. Dada, hii ni ya kwako?"

Akabonyeza. Shangazi akajisikia mwenyewe chumbani mle, sauti nzito, imejaa uhakika: umelala, watu wanasubiri, toka hapo ulipojificha. Binti mkubwa aliacha kumenya.

"Ni yangu," Shangazi alisema.

"Basi ndiyo," mjane akajibu polepole. "Alikuwa amelala."

Hakumfukuza. Alimletea maji ya kunywa, na Shangazi akayanywa yote kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Wiki tatu zikapita, ndipo Mrefu akaleta nakala ya barua ambayo kampuni ilimwandikia mjane. Ilisema kwa masikitiko makubwa kwamba marehemu alikuwa amemaliza zamu saa tisa na dakika ishirini na tatu, na kwamba kwa mujibu wa polisi ajali ilitokea saa tisa na nusu, akiwa kwenye shughuli zake binafsi. Kwa hiyo familia haikustahili fidia. Hiyo saa tisa na nusu ndiyo saa polisi walipofika na kufungua daftari lao. Ile ya kwanza ilikuwa kidole cha Shangazi mwenyewe.

Aliisoma mara mbili, akaenda nayo kwa meneja.

"Nilikosea kubonyeza," alisema. "Mtu alikuwa keshakufa. Huwezi kumaliza zamu umekufa."

"Mfumo umeandika hivyo."

"Mfumo umeandikiwa na mimi."

Meneja alifunga mlango, akashusha sauti kama mtu anayemtakia mema. "Dada yangu, fikiria. Ukisema ulikosea, kosa ni lako. Wataanza kukuuliza na mengine, nani alimwambia aendelee kwenye mvua ile. Unataka kujichoma mwenyewe? Yule amekwenda, hatarudi."

Shangazi akarudi kwenye kiti chake. Na hapa inabidi isemwe kama ilivyokuwa: alinyamaza. Alinyamaza wiki tano nzima. Mumewe alikuwa fundi cherehani ambaye macho yake yalikuwa yanafifia, kazi aliyoifanya kwa siku moja sasa ilimchukua tatu, na mshahara wa Shangazi ndio ulioshika nyumba. Kila asubuhi alijiambia leo, na kila jioni alikuwa na sababu mpya.

Madereva walijua. Hakuna aliyemsema wala kumkosea adabu. Waliacha tu kumwita Shangazi.

"Ofisi, nimefika," walisema sasa. "Ofisi, naondoka." Hakuna aliyesingizia pancha, hakuna aliyetania. Alikaa kutwa nzima akiitwa Ofisi, na ilimuuma kuliko matusi.

Jumapili moja mumewe alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Shangazi akaichukua sindano, akamtungia, akamrudishia. Mzee aliipokea bila kumtazama.

"Unasubiri nani aje akusemee?" aliuliza.

Kesho yake Shangazi alikwenda kwa mjane, akasimama mlangoni. Alimwambia ule ujumbe wa sauti usifutwe. Ulikuwa na saa yake, saa tisa na dakika kumi na tisa, na ndani yake ofisi ilikuwa inamdai mtu mzigo. Nani anamdai mzigo mtu aliye kwenye shughuli zake?

"Nausikiliza kila siku," mjane alisema. "Nitaufutaje?"

Shauri alilofungua mjane lilisikilizwa katika ofisi ya idara ya kazi, chumba kidogo chenye feni iliyozunguka kwa kwikwi na viti visivyofanana. Afisa alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kuandika kila kitu mwenyewe kwa mkono, na kila baada ya sentensi mbili alisema, "Ngoja." Meneja alikuja na wakili. Mjane alikuja na dada yake, simu ameifunga kwenye kitambaa.

Ujumbe ukachezwa. Afisa akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Kisha akamgeukia Shangazi, akamtaka aeleze siku ile tangu mwanzo, asiruke kitu.

Angeweza kuanzia kwenye kidoti chekundu. Kesi ingesimama vilevile. Lakini alikuwa ameambiwa asiruke, na alikuwa ameshachoka kuruka.

"Alinipigia kabla ya kuondoka," alisema. "Alikuwa kituo cha mafuta. Aliniambia haoni, na breki imeingia maji. Aliomba ajibanze mpaka mvua ipungue. Nikamkatalia. Nikamwambia apeleke kimoja tu."

"Ngoja," afisa alisema, akaandika.

Mjane alikuwa halijui hilo. Aligeuza kichwa taratibu, akamtazama Shangazi kwa muda mrefu, bila chozi, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Dada yake akamshika mkono. Feni ikakwama, ikaendelea.

Uamuzi ulitoka mwezi uliofuata: marehemu alikuwa kazini, na kampuni imlipe mjane fidia kama sheria inavyotaka. Siku hiyohiyo Shangazi alipewa barua yake ya mistari miwili. Alichukua kikombe na sweta lake, akashuka ngazi akapita mbele ya duka la matairi. Mrefu, aliyekuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki, akaacha, akamsindikiza mpaka barabara kubwa.

"Samahani, Shangazi," alisema.

"Ya nini? Mlikuwa na haki."

Mjane alimwona mara moja tu baada ya pale, kwenye korido ya ile ofisi ya kazi, walipoitwa kuweka sahihi za mwisho. Alimsogelea, akamshukuru kwa kusema kweli, na shukrani yenyewe ilikuwa ya dhati. "Bila wewe wanangu wangekosa haki yao," alisema. "Lakini na baba yao wangekuwa naye. Kwangu usije tena, dada. Usinielewe vibaya. Siwezi."

"Nimekuelewa," Shangazi alijibu, na hakwenda tena.

Mrefu humpitia siku mojamoja. Ndiye aliyemwambia kwamba ile orodha ya sababu imeongezwa moja, dereva amepata ajali, nayo wameiweka mwisho. Ndiye pia aliyemwambia kwamba mjane amehamia kwa wazazi wake pamoja na mabinti.

Sasa Shangazi hukaa barazani pembeni ya cherehani ya mumewe, akishona vifungo na kupinda sare za shule. Mume hukata kwa kupapasa, yeye humalizia. Wateja ni yeye anayesema nao. Wakiuliza nguo itakuwa tayari lini, huwaambia Ijumaa ya wiki ijayo, hata kama ni kazi ya nusu saa. Wengine hukasirika, wakakunja kitambaa chao wakaenda kwa fundi mwingine. Mumewe husikia, huinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, husubiri kidogo, kisha huendelea kushona.